Uliza Herufi

Kabla sijabana picha hata moja
naiuliza mashine: wenzangu, wewe unahesabuje?
Ya dukani Gerezani, feni yake inakohoa vumbi la misumari,
ina biti thelathini na mbili na hasira za uzee.
Ya Mbagala tuliichukua mnadani,
kibandiko cha benki kimeng'ang'ania ubavuni mpaka leo,
nayo huanza namba kwa upande mkubwa,
kama mtu anayetaja ukoo kabla ya jina.
Ya Tegeta ni kadude, upana wa kitambulisho,
kanakula umeme wa chaja ya simu.

Maktaba ni moja. Msimbo ni uleule,
sijagusa hata nukta.
Ila faili la mipangilio, ukurasa mmoja na kidogo,
hilo hukatwa upya kila mara:
sare ni ya kitambaa kimoja, kiuno ni cha kila mtoto.

Nauliza. Ukisogeza namba hasi kwenda kulia,
deni lake unalibeba, au unalidondosha njiani?
Una kumbukumbu kiasi gani?
Picha ikikuzidi, utaihifadhi wapi kwa muda?
Kadude ka Tegeta kakajibu: sina pa kuweka.
Basi nikakaandikia kasome mistari minane, kateme, kasome minane,
kama mla muwa, pingili kwa pingili.
Kakaweza. Kalikuwa ka kwanza kuweza.

Nsajigwa alipohamia Dodoma aliniachia daftari.
Pembeni, kwa kalamu nyekundu: ULIZA HERUFI.
Nikadhani ni mambo ya mwandiko.

Ijumaa ile kulikuwa na joto la kuyeyusha gundi,
foleni ya picha za pasipoti hadi kwa muuza mabomba,
nami nikafanya uvivu:
nikanakili majibu ya Tegeta, nikaipa Gerezani.
Ikakusanya bila kulalamika. Hilo ndilo baya lake.

Bi Mwanahawa akaja na harusi ya bintiye,
picha mia nne na kumi na mbili.
Akaegemea kaunta, akatazama kioo, akanitazama mimi.
"Mwanangu kaolewa," akasema, "au kafiwa?"

Shela lilikuwa jeusi.
Meno ya bwana harusi, meusi. Sukari ya keki, masizi.
Kanzu za mashahidi zote zimeingia usiku.

Tegeta, herufi haijui deni:
inahesabu kutoka sifuri hadi mia mbili hamsini na tano, ikafurahi.
Gerezani, ukipita mia ishirini na saba
unaangukia upande wa pili, chini ya sifuri.
Kila cheupe kilichozidi kiasi
kilikuwa kimegeuka mdaiwa.

Nikabadilisha neno moja. Moja tu.
Nikakusanya upya; dakika kumi na tisa,
Bi Mwanahawa akijipepea kwa bahasha,
mimi nikiomba Luku isikate.
Shela likarudi, jeupe, na mikunjo yake.

Nikaweka ubora sabini na tano, kama kawaida.
Kinachotupwa hapo, nilimweleza, ni kile ambacho jicho halidai:
tofauti ndogo za rangi, vivuli vya vivuli.
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa.
"Na huyu wa mlangoni? Umempeleka wapi?"

Mlangoni palikuwa na vigae, minane kwa minane,
rangi ya ukuta, na kitu kama bega.

Nikafungua ile ya asili.
Mwanamume, shati la kijivu, hajaingia ndani wala hajaondoka.
Picha hiyo peke yake nikaipa tisini na tano.
Faili likanenepa mara tatu. Sikumtoza.

Akaitazama muda mrefu,
kisha akaniambia nichape moja, ndogo, ya kuingia pochini.
Hakusema ni nani.
Nami ninayeshinda nikihoji mashine
hadi namna zinavyobeba madeni,
hilo sikuuliza.